Mpapai unajaa maua lakini hauzai, niukate au kuna dawa?

mama_mchicha
Wakuu habarini za jioni, naombeni ushauri kabla panga halijapita. Nina mpapai hapa nyuma ya nyumba, Tabata, uliota wenyewe pale tunapomwaga maji ya vyombo, tulikula papai la sokoni mbegu tukatupa hapo basi ukatoka huo mmoja na umekua kwa kasi mpaka umepita ukuta, shina nene, majani mapana ya kijani kibichi, na maua ndo usiseme, yako mengi mno, meupe yanayoelekea njano, na jua likizama yananukia mpaka barazani. Ila papai hata la dawa hakuna! Yanachanua, yanadondoka, asubuhi nafagia. Jirani anasema hilo ni dume kata upande kitu cha maana, mama mkwe anasema usikate, pigilia msumari kwenye shina utazaa. Mi naupenda jamani, unatupa kivuli pale kwenye karo la kufulia. Nifanyeje? Picha inagoma kupanda.

Bustani_Mkuranga
Dada picha isikusumbue, niambie tu hayo maua yanakaaje. Yamebana kwenye shina pale jani linapochomoza, au yananing'inia kwenye vikonyo virefu vyenye vijitawi?

mama_mchicha
Yananing'inia, vikonyo vingine virefu kuliko mkono wangu kuanzia kiwiko. Maua yenyewe madogo membamba.

Bustani_Mkuranga
Basi jirani yako kasema kweli, ni dume. Lakini kwenye kukata mi siko naye, subiri kwanza.

Mipapai ina jinsia tatu, sio mbili kama wengi tunavyodhani. Kuna dume, kuna jike, na kuna ule wenye jinsia zote mbili ndani ya ua moja. Kesho asubuhi okota ua moja lililodondoka ulichane kwa ukucha taratibu, utakuta petali zake tano zimeungana chini zikafanya kabomba kembamba, ndani kuna vichwa vidogo vya njano kumi vyenye chavua, na katikati kabisa kamejificha kajiti kembamba hakana tumbo. Hapo hakuna pa kukaa papai. Ua la jike ukiliona hulisahau, ni nene, limekaa karibu kabisa na shina, kikonyo kifupi, petali zimeachana karibu mpaka chini, na ukizifungua unakuta kapapai ka kijani ka mviringo kameshakaa tayari kanasubiri chavua tu. Ule wa jinsia mbili una vyote, kapapai na vichwa vya chavua, kwa hiyo unajichavusha wenyewe, na ndo unaotoa yale mapapai marefu marefu sokoni. Jike linatoa ya mviringo.

Kwa hiyo wako hauumwi wala haujakosa mbolea. Unafanya kazi yake ya kutoa chavua, ila sidhani kama una jike karibu.

babu_wa_Muheza
Mama mkwe asidharauliwe wajukuu. Hayo ya msumari na kukata kichwa tumekuta wazee wakifanya, na mimi kwa macho yangu nimeona dume lililokatwa juu likachipua matawi kisha likazaa. Mapapai yenyewe yalikuwa madogo, yananing'inia kwenye vile vikonyo virefu, watoto wakawa wanapita kushangaa.

Bustani_Mkuranga
Shikamoo babu, na ni kweli kabisa, inatokea. Dume huwa linageuka mara moja moja, maua machache yanaotesha tumbo na kutoa papai, na hali ya hewa au kujeruhiwa vinaweza kuchangia. Shida ni kwamba huwezi kulipangia, mwingine utaukata na usione kitu. Halafu shina la mpapai lina uwazi katikati, ukikata kichwa ukaacha wazi mvua inaingia ndani linaoza kuanzia juu kushuka, kwa hiyo anayekata afunike pale juu na kopo au nailoni aikaze vizuri. Msumari nao unafungua kidonda cha kuingiza ugonjwa, mi huo siushauri.

pwani_kijani
Jamani dada wa Tabata usiukate huo mti! Mimi niko Malindi na dume langu nimelilinda kwa roho yote. Toka nje giza likianza kuingia usimame karibu na hayo maua utulie, utaona wanakuja nondo wakubwa, wanapiga mabawa kwa kasi wakaelea mbele ya ua bila kutua, mrija wao mrefu umezama ndani wananyonya. Harufu unayoisikia barazani ni ya kuwaita hao. Hapa Kenya watafiti walishachunguza wakaona nondo hao ndio wachavushaji wakubwa wa mipapai, wanatoka kwa dume na chavua wanapeleka kwa jike. Sasa watu wanakata madume yote mtaani, wanapuliza dawa ya wadudu jioni, kisha wanalalamika jike linaangusha mapapai yangali machanga. Tena kule Manado, Indonesia, maua ya dume ni mboga kabisa, wanayachemsha kupunguza uchungu kisha wanayakaanga.

mama_mchicha
Weee, kumbe ndo hao wadudu! Nimewaona kweli, nikadhani ni popo wadogo. Basi haukatwi. Sasa nikitaka jike nalipataje, nipande mbegu tena?

Bustani_Mkuranga
Mbegu ni sawa ila chagua. Huo wako, aliyeuchavusha mama yake alikuwa dume, maana bila baba dume huwezi kupata dume. Jike likichavushwa na dume, mbegu zinatoka karibu nusu dume nusu jike. Papai refu la mti wa jinsia mbili uliojichavusha halitoi dume kabisa, kwenye miche mitatu kwa wastani miwili ni jinsia mbili na mmoja jike. Hata Red Lady, ile mbegu chotara ya dukani, haina dume, tatizo mbegu zake ukizirudia hazifanani na mama.

Mbegu zisugue kwenye chujio mpaka ule utelezi unaozizunguka uishe, kwa sababu ndo unaochelewesha kuota, kisha anika kivulini. Miche ikiwa midogo huwezi kujua jinsia hata ukiikodolea macho, ndo maana watu wanapanda mitatu shimo moja, wanangoja maua, wanabakiza mmoja wanaoutaka.

mama_mchicha
Nimeelewa mkuu, Mungu akubariki. Sasa niipande palepale kwenye maji ya vyombo maana panastawi?

Bustani_Mkuranga
Hapana dada, huo wako una bahati, naona maji yanapita hayakai. Mpapai haupendi kusimama ndani ya maji, yakituama siku mbili tu mizizi inaanza kufa na majani yananyauka njano. Tafuta palipoinuka, jua la kutosha, uache kama mita mbili na nusu kutoka kwa dume, shimo ujaze samadi iliyooza vizuri. Na picha ikikubali tuwekee, hasa ya hao nondo.