Mwanza: tumepata vishikwambi sita kwa ajili ya watoto wenye mahitaji maalum, naombeni ushauri nianzie wapi

Mwl wa Ilemela

Mwangaluka wadau, poleni na majukumu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali huku Ilemela, nafundisha darasa la tatu, watoto wamejaa mpaka wengine wanakaa chini, na humo humo ndani nina watoto wanne wenye mahitaji maalum maana sisi kitengo cha elimu maalum hatuna na shule yenye kitengo ni mbali, wazazi hawawezi nauli ya kila siku.

Mmoja ana ualbino, haoni ubaoni hata nikimkalisha dawati la mbele kabisa. Wa pili ana usonji, haongei, kelele zikizidi anaziba masikio na kutoka nje mbio. Wa tatu ana mtindio wa ubongo, kichwani yuko vizuri sana, hesabu za kichwa anawapita wenzake, ila mkono haushiki penseli. Wa nne anasikia kwa shida, kiasi gani hatujui.

Sasa kuna watu waliosoma hapa zamani wamejichanga wametuletea vishikwambi sita vipya, wakasema ni vya hawa watoto. Nimefurahi sana ila kimbembe ndio kimeanza, kwenye kamati wengine wanataka vifungiwe ofisini visiibiwe, wengine wanasema kila darasa lipate kimoja, na wazazi wa watoto wengine wanauliza mbona wa kwangu hapewi. Mimi mwenyewe kile tulichogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022 nakitumia kwa maandalio na taarifa tu, na mtoto sijawahi. Intaneti shuleni hakuna, ni bando langu. Umeme upo ila unakatika.

Naombeni mwenye uzoefu wa kweli anisaidie. Niweke apu gani? Na mzazi nimjibuje?

Kaka wa Nyegezi

Mwalimu hongera kwa moyo huo. Ushauri wangu ni mmoja, usianze kutafuta apu. Chukua daftari, kila mtoto mpe ukurasa wake, andika kitu kimoja tu anachoshindwa kufanya darasani ambacho wenzake wanafanya. Asiyeona ubao. Asiyeweza kusema naomba kwenda chooni. Ukishaandika hivyo utakuta kila mtoto anahitaji kitu chake na vingine havihitaji hata apu, vimo ndani ya kishikwambi chenyewe.

Mzee wa Kirumba

Mimi natofautiana nanyi. Watoto wanakaa chini halafu tunaleta skrini? Hela hiyo ingenunua madawati. Na hawa watoto wa siku hizi wakipewa hivyo vitu ni katuni na magemu mwanzo mwisho, wajukuu zangu nawaona.

Mama Mkolani

Shikamoo mzee. Nakuelewa kabisa kuhusu madawati na mimi ningependa yaje. Ila ngoja nikueleze kitu kama mzazi. Mwanangu ana usonji ana miaka tisa hajatamka neno, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akitaka maji anapiga kichwa ukutani, watu wanasema ana hasira, wengine wanasema amerogwa, kumbe ni kiu tu mzee wangu. Sasa hivi anagusa picha ya kikombe na kishikwambi kinasema "nataka maji" kwa Kiswahili. Ile kwake ndio sauti yake.

Mwalimu, kwa huyo wako wa usonji mambo haya yazingatie. Usimwekee picha za kwenye mtandao, nyumba za theluji na matunda ambayo hajawahi kuyaona, piga picha za vitu vyake mwenyewe, kikombe chake, choo cha shule yenu, uji wa shule, dagaa, mama yake, wewe mwenyewe. Kuna programu inaitwa Cboard ya bure, unaweka picha zako, na sauti tafuta mtoto wa rika lake wa jinsia yake arekodi, isiwe sauti ya mwalimu, maana hiyo ndiyo atakayokuwa anaongea nayo. Na usiweke majina ya vitu peke yake. Weka pia nataka, sitaki, basi, tena, nisaidie, inauma. Mtoto mwenye picha za chakula tupu ataishia kuomba chakula, hawezi kukwambia hapana, na mtoto asiyeweza kusema hapana ni hatari kwake hasa huku kwetu ambako watu wabaya wapo.

La muhimu kupita yote, na wewe UGUSE. Ukisema "tunakwenda nje" gusa picha ya nje. Yeye atajifunzaje lugha ambayo hajawahi kuona mtu mwingine akiitumia? Mimi niligusa peke yangu kwa muda mrefu kabla yeye hajagusa ya kwanza, usikate tamaa.

Na watakwambia akizoea mashine hataongea kamwe. Si kweli. Kuna watafiti Millar, Light na Schlosser, 2006 walikusanya tafiti za watu waliopewa njia hizi za kuwasiliana kwa picha na vifaa, kwenye zile walizoona zimefanywa kwa umakini hakuna hata mmoja aliyepungua kuongea na wengi wao waliongeza maneno.

Mzee wa Kirumba

Marahaba mwanangu. Hilo la kiu sikulijua. Endeleeni tu, nasoma.

Ticha Misungwi

Mwalimu mwenzangu, mimi nimekaa sana na watoto wenye ualbino na uoni hafifu kwa hiyo ngoja nikuongelee huyo wa kwanza, maana ndiye utakayemsaidia haraka kuliko wote, hata kesho asubuhi.

Miwani pekee mara nyingi haiwatoshi hawa watoto, ndani ya jicho lenyewe kuna upungufu na macho yao yanachezacheza, kwa hiyo ukimkalisha mbele unapunguza tatizo tu. Mpe kishikwambi apige picha ubao kwa kamera halafu akuze kwa vidole viwili mpaka aone. Basi. Hakuna apu, hakuna bando. Unaweza pia kuingia kwenye setingi sehemu ya zana za watu wenye ulemavu ukawasha ukuzaji, akigusa skrini mara tatu kila kitu kinakuwa kikubwa. Humo humo kuna kugeuza rangi, maandishi meupe kwenye weusi, wengi wao wanapenda hivyo maana mwanga mweupe unawaumiza. Jaribu naye, mwulize yeye, mwingine hataki.

Dirisha liwe mgongoni au pembeni, jua la kwetu la saa sita likipiga kwenye kioo haoni chochote. Akisogeza skrini mpaka puani mwache, hajiharibu macho, ndivyo anavyoona. Kofia pana usimvulishe darasani eti ni nidhamu.

Vitabu vya kiada vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu (TET), vipakue ukiwa na bando vikae humo. Angalia jambo moja, kuna PDF nyingine ni picha ya ukurasa tu, zile unaweza kukuza lakini kishikwambi hakiwezi kukusomea kwa sauti. Yenye maandishi ya kweli ukiwasha sauti ya Kiswahili ya Google inasoma, lafudhi ina kasoro lakini inaeleweka.

Halafu hili walimu wengi wanalisahau. Mtihani wa taifa hatafanya kwenye kishikwambi. NECTA (Baraza la Mitihani) wanampa karatasi ya maandishi makubwa na muda wa ziada, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa masomo mengine. Kwa hiyo azoee na karatasi kubwa pia, na mkuu wa shule ahakikishe taarifa ya uoni hafifu imejazwa mapema wakati wa usajili, isije ikafika mwaka wa mtihani ndio mnaanza kukimbizana. Ukipata nafasi njoo Misungwi ufike shule ya Mitindo, walimu wa pale wana watoto wasioona na wenye ualbino, utajifunza mengi kuliko humu.

Fundi Makoroboi

Mimi natengeneza simu na tableti, watoto siwajui sana ila vifaa navijua. Kuhusu katuni na magemu, kwenye Android kuna kubandika programu, iko kwenye setingi za usalama, ukiibandika mtoto hawezi kutoka mpaka uweke namba ya siri. Fungua hiyo vita imeisha. Kava liwe lile nene la mpira lenye mkono wa kushikia. Chaji usiku ofisini siyo asubuhi, maana asubuhi ndio unakuta umeme umekata. Andika jina la shule kwa wino wa kudumu nyuma, na chora namba kwenye plastiki kwa kitu chenye ncha, wezi wanakimbia kitu chenye alama. Hata mimi nikiletewa tableti imechorwa jina la shule siipokei.

Mama Mkolani

Na mimi naongeza hapo kwa fundi, chapisha zile picha kwenye karatasi uzipige lamination ziwe zinaning'inia shingoni. Chaji ikiisha mtoto asibaki bubu.

Mwl wa Viziwi

Samahani nachangia kwa kuchelewa. Kuhusu huyo wa nne, kabla ya kishikwambi apimwe. Naomba nikazie. Huku kanda ya ziwa watoto wengi masikio yanatoa usaha miaka na miaka, mzazi anaona kawaida, kumbe linatibika na usikivu mwingine unarudi. Bugando wana kitengo cha masikio, aanzie hospitali ya wilaya apewe rufaa.

Kama ni kiziwi kabisa, naomba sana usimwekee ile programu ya kugeuza maneno kuwa maandishi ukadhani umemaliza. Ni nzuri, Kiswahili inajua, lakini inataka intaneti na darasa lenye kelele inachanganya maneno, na zaidi ya hapo mtoto kiziwi ambaye hajawahi kusikia Kiswahili hawezi kukisoma tu kwa sababu kimeandikwa. Anahitaji lugha ya alama kwanza, na watu wa kuongea naye kwa alama. Kishikwambi hapo kazi yake ni video. Mimi narekodi alama za maneno ya somo la kesho, sekunde chache kila moja, mtoto anaziangalia na wenzake wanaosikia wanaziangalia pia, na hao wenzake ndio wanageuka kuwa walimu wake wakati wa mapumziko.

Kama anasikia kidogo, mweke mbali na dirisha la barabarani, ongea ukimwangalia, usiongee huku unaandika ubaoni.

Baba Igoma

Wa mtindio wa ubongo hamjamgusa bado. Binti yangu ni hivyo. Mkao kwanza! Kama miguu inaning'inia na kiuno kinateleza mikono yote inatumika kujishikilia asidondoke, sasa atagusa skrini na mkono upi? Tafuta fundi seremala amtengenezee kiti chenye mkanda na pa kuweka miguu, halafu kishikwambi kisimame kwa kuegemezwa, kifungwe kwa mkanda wa kunata. Kwenye setingi ongeza muda wa kugusa na kushikilia, ili mkono ukitetemeka kisichague ovyo. Mimi nilikata plastiki ngumu nikatoboa matundu juu ya kila kitufe, kidole kinaingia kwenye tundu lake badala ya kuteleza kwa jirani. Sasa anaandika. Polepole, mpe muda, usimmalizie sentensi.

Mwl wa Ilemela

Jamani mbarikiwe sana, nimeandika yote. Wa ualbino nimemjaribu leo na kishikwambi changu, amepiga picha ubao, akasoma sentensi yote kwa sauti darasa likapiga makofi. Kwa huyu wa masikio nimeshaongea na bibi yake anayemlea, tunafuatilia rufaa.

Nimebaki na mawili. Viwili vilivyobaki nivifanyeje, na wazazi wengine niwaambie nini?

Kaka wa Nyegezi

Wazazi waite, waonyeshe. Waambie huyu haoni ubao, hiki ni kama miwani kwake, hakuna mzazi anayedai mwanae avalishwe miwani ya mwenzie. Na kwa sababu hiyo hiyo kwenye kamati simamia kwamba hivi vinne haviendi ofisini mchana, vinakaa na mtoto muda wa masomo na jioni ndio vinafungiwa. Wala visitolewe kama zawadi ya tabia njema au kunyang'anywa kama adhabu.

Viwili vilivyobaki kimoja kiwe cha akiba, kimoja kiwe cha darasa zima kwa zamu. Kuna programu za kujifunza kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili zisizotaka intaneti, onecourse ya onebillion na Kitkit School, ndizo zilizoshinda pamoja shindano la Global Learning XPRIZE mwaka 2019, na zilijaribiwa hapa hapa Tanzania, vijiji karibu 170 mkoani Tanga, chaji ya sola. Na Kitkit wenyewe walioitengeneza ni wazazi wa mtoto mwenye mahitaji maalum, ndio maana ina hatua ndogo ndogo na haimgombezi mtoto akikosea.

Mama Mkolani

Mimi swali langu kwako mwalimu, likizo je? Huyo wa usonji akikaa mwezi mzima bila sauti yake atarudi nyuma, nimeliona hilo kwa wangu. Andikisheni makubaliano na mzazi mbele ya mwalimu mkuu, asaini, aende nacho nyumbani, na kabla ya kufunga shule mama yake aje akae darasani angalau asubuhi moja ajifunze kugusa hizo picha.

Mwl wa Ilemela

Hilo la likizo sikuliwaza kabisa mama. Kikao cha kamati ni Alhamisi, naliingiza kwenye ajenda.