Wanaoingia mitini katikati ya Scrabble, tuwafanyeje?

Wakuu, naomba ushauri. Nasimamia kikundi kidogo cha watu 12, tunacheza Scrabble ya Kiingereza, ule mchezo wa kuunda maneno kwa herufi ubaoni, kwa simu kila jioni tukitoka kazini. Shida ni moja: mtu akiona anazidiwa, anaingia mitini.

Juzi herufi zangu 7 zilikaa vizuri, nikazishusha zote kwa mpigo: RETAINS. Hapo unapewa alama 50 za nyongeza juu ya alama za neno lenyewe. Furaha haikumaliza hata dakika, mwenzangu kajitoa. Kwenye mfuko wa kuchotea zilibaki herufi zaidi ya 40, Q na Z zenye alama nyingi hazijatoka, yaani mchezo bado mbichi kabisa! Na afadhali huyo. Kuna wale wanaoiacha saa ya zamu yao ijihesabie mpaka iishe, wewe umekodolea kioo macho kama unasubiri daladala usiku.

Nilitaka kuwakata alama wanaokimbia, ila wapo ambao kweli bando limeisha au umeme umekatika, nitawaonea. Mmoja kashauri tuhesabu tofauti ya alama, ili hata anayefungwa aone faida ya kumaliza. Kufungwa kwa 30 si sawa na kufungwa kwa 150. Hilo nimelipenda, ila aliyekimbia nimwandikie tofauti ya ngapi?

Mliowahi kuendesha mashindano ya namna hii, mlifanyaje? Na wageni tuwapange na wageni wenzao kwanza? Maana hao ndio wanaotoroka zaidi.