Ni wakati gani wa kuacha ngisi na kufunga chambo bandia?

Mkazi wa Chumbageni

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi huvua kwa kujiburudisha siku za mapumziko, mara nyingi nikiwa kwenye mawe ya Raskazone hapa Tanga, na mara chache kwa ngalawa ya kukodi hadi karibu na kisiwa cha Toten. Kwa miaka mingi nimetumia mshipi wa mkono, chubwi ya kuzamishia ndoana na vipande vya ngisi, lakini mwaka huu nimepata ufito wenye rili pamoja na samaki bandia wanne, wawili wa plastiki wanaoelea na wawili wa chuma wanaozama. Tatizo langu ni kwamba sijui wakati wa kubadilisha. Nikikaa nusu saa na ngisi bila kuguswa, hufunga samaki bandia. Nikirusha mara kumi bila kitu, hurudi kwenye ngisi, na hivyo alasiri nzima hupita nikifunga na kufungua mafundo huku ndoana ikiwa nje ya maji. Jumamosi iliyopita nilirudi nyumbani na chaa wawili tu. Naomba mnielekeze.

Mvuvi wa Sahare

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Unabadilisha kwa kuhesabu dakika, ilhali kinachopaswa kukuongoza ni hali ya maji na aina ya samaki aliyepo.

Ngisi hufanya kazi kwa harufu, na harufu husafirishwa na mkondo, kwa hiyo hata maji yakiwa na tope, samaki kama changu na chewa wanaotafuta chakula chini wanaweza kukifikia chambo chako bila kukiona. Samaki bandia hana harufu hata kidogo. Humvuta mwindaji kwa kumeta kwake na kwa mtikisiko ambao samaki huuhisi kupitia mstari wa hisi ulioko ubavuni mwake, na wanaomfukuzia ni wale wanaowinda kwa macho, kama kolekole, mzia na nguru. Ndiyo maana wakati wa masika, mto Sigi unaposhuka kutoka Usambara Mashariki na kuleta maji mekundu hadi kwenye ghuba yetu, mimi huacha samaki bandia nyumbani. Wakati wa kaskazi maji yanapong'aa hadi unaona mchanga, hali hugeuka.

Kisha tazama maji yanavyokwenda. Yanapojaa kwa nguvu, hasa siku za bamvua, dagaa na vibua husukumwa karibu na mawe, na wawindaji huwafuata. Ukiona dagaa wanaruka juu ya maji au membe wanajitupa mahali pamoja, vuta ngisi wako mara moja na urushe chuma kupita kidogo pale penye vurugu, kisha ukirudishe kwa kasi, maana samaki bandia akitulia amekufa. Vurugu hiyo huisha upesi. Maji yakisimama, rudi kwenye ngisi na utulie. Kuhusu tasi usijisumbue kwa njia hizi mbili, kwani chakula chake ni mwani.

Dada wa Mwambani

Kaka, kwa nini uchague? Tega ngisi kwa mshipi wa mkono, uufunge imara kwenye jiwe, kisha urushe samaki bandia kwa ufito. Mwishoni mwa uzi wa rili weka kibanio kidogo cha chuma, ili ubadilishe bila kukata fundo, na uondoe chubwi kabla ya kufunga samaki wa plastiki, kwa sababu uzito humzuia kuchezacheza.

Mstaafu wa Ngamiani

Mwanangu, kabla hujamlaumu ngisi, jiulize kama bado ni ngisi. Kipande kilichokaa majini nusu saa kimeshaoshwa utomvu wake wote na kubaki kama mpira mweupe. Mimi hukibadilisha kila baada ya robo saa, na vipande vinavyosubiri hukaa kwenye barafu, kamwe si juani. Baada ya hapo hujaribu kina kingine, na hapo tu ndipo hufikiria kubadilisha aina ya chambo.

Jambo lingine linaniuma. Samaki wa plastiki mwenye ndoana za meno matatu hunasa kwenye matumbawe, uzi hukatika, na vyote hubaki baharini. Tafadhali, mfungie ndoana ya jino moja, na usimrushe palipo na miamba mingi. Matumbawe yetu yamekwisha kuumizwa vya kutosha na baruti.

Mkazi wa Chumbageni

Shikamoo mzee, na ninawashukuru nyote. Jana nilifanya kama mlivyonielekeza. Ngisi mbichi aliyebadilishwa kila robo saa alinipatia changu watatu, na membe walipotokea upande wa kisiwani nilirusha chuma na kupata kolekole wa kilo moja hivi. Mrusho uliofuata ulipokewa na mzia, ambaye alikata uzi na kuondoka na chuma changu. Dada, nikifunga waya kati ya uzi na chuma ili meno ya mzia yasikate, uwe na urefu gani?

Dada wa Mwambani

Shibiri moja inatosha, kaka. Ukizidisha, kolekole atauona katika maji meupe na kugeuka, na kwa ngisi wa kuvulia changu usiuweke kabisa.