Tupeane uzoefu: kumbi za mikutano kwenye hoteli kubwa zilizofanyiwa ukarabati

Wakuu habari za saa hizi. Kazi yangu ni kuandaa mikutano, semina, uzinduzi na hafla za taasisi, na sasa hivi kila mteja anataka ile hoteli kubwa ya katikati ya mji iliyofungwa ikakarabatiwa ikafunguliwa upya, akishaona picha tu anasema hapa hapa. Na kweli zinapendeza, mgeni akiingia anajisikia kaheshimiwa. Ila jengo la zamani hata likipakwa nini, nguzo zinabaki pale pale na dari haiongezeki urefu, na sisi ndio tunakutana navyo siku ya shughuli. Mliowahi kuandaa au hata kuhudhuria tu mwageni uzoefu, majina ya hoteli tuyaache.

Naanza mimi. Kinachoninyima usingizi ni sauti. Ukumbi wa zamani ulikuwa na kapeti nene, mapazia mazito, viti vya sponji, vyote hivyo vinameza sauti. Wakikarabati wanang'oa wanaweka marumaru na vioo, basi mzungumzaji akishika maiki neno la kwanza halijapotea la pili limeshafika, waliokaa nyuma wanapata mvumo tu, halafu fundi mitambo anapandisha sauti na hapo ndio mambo yanazidi kuharibika. Kinachosaidia ni spika ndogo nyingi zilizosambazwa karibu na watu, sio mbili kubwa za mbele. Nikienda kukagua ukumbi nasimama katikati napiga kofi moja la nguvu nasikiliza. Likikatika papo hapo nashukuru, likiendelea kuzunguka huko juu naanza kuuliza maswali. Karibuni.

Mdau: Uzi muhimu sana huu. Mimi nina la idadi ya watu. Ukiambiwa ukumbi unachukua watu 300 uliza wamekaaje, maana viti vitupu vya kuangalia mbele ni hesabu nyingine, meza za darasa nyingine, umbo la U ndio kabisa nafasi inaliwa. Meza ya duara ya mita 1.8 inakaa watu 10, lakini kama kuna wasilisho huwezi kuweka watu wakaipa skrini mgongo, unaacha upande mmoja wazi unabaki na 6 au 7. Na namba ya kwenye kipeperushi mara nyingi haina jukwaa, haina meza ya fundi, haina kibanda cha wakalimani. Tulikuwa na kongamano moja, jukwaa lilipofungwa safu za pembeni zote zikaenda kuishia nyuma ya nguzo, na wale wajumbe walisafiri kutoka mbali kuja kuangalia nguzo. Iliniuma sana. Siku hizi naomba ramani ya ukumbi yenye vipimo na nguzo zimechorwa, wasipokuwa nayo naenda na futi yangu.

Mdau: Ukuta wa kukunja ule unaogawa ukumbi mkubwa kuwa vyumba viwili! Sisi tuko kwenye mafunzo, mkufunzi anaeleza jambo zito, upande wa pili watu wa tafrija ya jioni wanajaribu mziki. Ukiugusa ukuta wenyewe mnene tu, kumbe sauti inapita juu, ukuta unaishia kwenye reli ya dari na ile nafasi kati ya dari na zege hawakuiziba. Ulizeni nani amekodi upande wa pili saa hizo, na muandikishiane kwenye mkataba kwamba hakuna kujaribu mitambo wakati mkutano unaendelea.

Mdau: Kuna anayelipa advansi hoteli ikiwa bado imefungwa? Msifanye hivyo jamani, tarehe za ukarabati zinateleza kila mahali. Savoy ya London ilifungwa Desemba 2007 kwa mpango wa miezi 16, ikafunguliwa Oktoba 2010. Waldorf Astoria ya New York ilifungwa 2017 ikisemwa ni hadi miaka mitatu hivi, wageni wamerudi 2025. Na hizo ni hoteli zenye pesa na majina. Ukibomoa ukuta wa jengo la zamani unakuta mabomba na nyaya ambazo hazimo kwenye mchoro wowote, na sehemu zinazolindwa kama urithi huruhusiwi kuzigusa unavyotaka, ule ukumbi mkuu wa Waldorf wenyewe ni mmojawapo. Kama lazima ulipe, mkataba useme wakichelewa unarudishiwa chote, sio "tutakupangia tarehe nyingine".

Mdau: Lifti ya mizigo. Pimeni mlango wake kabla hamjatengeneza bango la jukwaani.

Mdau: Naongezea skrini. Mtu wa safu ya mwisho asikae mbali zaidi ya mara 6 ya urefu wa picha kwenda juu, yaani picha ya mita 2 mwisho ni mita 12 hivi, zaidi ya hapo jedwali halisomeki. Sasa hoteli za zamani zina zile taa kubwa za kuning'inia, ukipandisha skrini taa inaikata, ukiishusha vichwa vinaziba. Ukumbi mmoja walikubali kuipandisha taa kwa winchi, ipo kumbe, hawasemi mpaka uulize. Ila nami niseme zuri, kuna hoteli nilikuta wameweka soketi sakafuni kila baada ya hatua chache na waifai ya mkutano imetengwa na ya wageni wa vyumbani, siku nzima hakuna waya uliomkwaza mtu. Nilienda kumshukuru msimamizi mwenyewe.

Mdau: Mleta uzi, hilo kofi unapiga ukumbi ukiwa na viti au mtupu? Maana watu nao wanameza sauti.

Mleta uzi: Mtupu mkuu, kisha nauliza viti vitakuwa vya aina gani. Ni kweli watu wakijaa mwangwi unapungua, kwa hiyo mkutano wa watu 80 kwenye ukumbi wa 300 ndio wa kuogopa zaidi. Hapo naomba chumba kidogo hata kama mteja ameshaupenda ule mkubwa.