Hisa za kampuni za sinema baada ya UVIKO-19: AMC, Cineworld, Cinemark au IMAX?

Mleta mada
Ndugu wanajamvi, ningependa tulinganishe kwa utulivu hisa za kampuni hizi nne. Mauzo ya tiketi nchini Marekani na Kanada yalizidi dola bilioni 11 mwaka 2019, yakaporomoka hadi bilioni 2 na kidogo mwaka 2020, kisha yakapanda tena hadi karibu bilioni 9 mwaka 2023. Ikiwa watazamaji wamerudi, kwa nini bei za hisa nazo zisirudi zilikokuwa?

Nahodha
Mkuu, hapo ndipo wengi walipoteleza, kwa maana kurudi kwa watazamaji ni jambo moja na kurudi kwa fungu la mwenye hisa ni jambo jingine. Itazame AMC, kampuni ya kumbi za sinema ya Marekani. Mwanzoni mwa 2020 ilikuwa na hisa zipatazo milioni 100, lakini kufikia katikati ya 2021, baada ya kuuza hisa mpya mara kwa mara ili isifilisike, zilikuwa zimepita milioni 500. Chungu ni kile kile, sahani zimekuwa tano. Tarehe 2 Juni 2021 bei ilifunga kwenye dola 62.55, ilhali mwaka ulianza ikiwa karibu na dola 2, na mpando huo haukuletwa na tiketi bali na wawekezaji wadogo waliokuwa wakishindana na waliocheza kamari kwamba bei itaanguka. Agosti 2023 kila hisa 10 ziliunganishwa kuwa 1. Kuunganisha kwenyewe hakuondoi thamani, ila kampuni haifanyi hivyo bei ikiwa nzuri.

Mama Shamba
Naongezea Cineworld ya Uingereza, ambayo mwaka 2018 iliinunua Regal, kampuni ya kumbi ya Marekani, kwa dola bilioni 3.6, ikitumia pia mikopo mikubwa. Milango ilipofungwa, madeni hayakufungwa. Septemba 2022 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake huko Texas, na ilipotoka mwaka 2023 wakopeshaji ndio waliokuwa wamiliki. Wanahisa wa zamani hawakupata kitu. Muda wote wa kesi hiyo filamu ziliendelea kuonyeshwa.

Mkaazi wa Dallas
Mimi naipa uzito Cinemark, ambayo makao yake yako Plano, Texas, si mbali na ninapoishi. Ilisimamisha gawio na mwaka 2020 ikakopa dola milioni 460 kwa hatifungani (hati za mkopo) zinazoweza kugeuzwa kuwa hisa, lakini idadi ya hisa zake imebaki karibu milioni 120. Tusisahau pia kwamba karibu nusu ya fedha za tiketi huenda studio zinazotengeneza filamu, hivyo faida ya ukumbi hutoka kwenye bisi na soda. Majira ya joto ya 2021 niliingia ukumbi wa viti zaidi ya mia, tukawa watu sita. Hata hivyo, baba mmoja mbele yangu, mwenye watoto wawili, alikumbatia ndoo ya bisi na trei ya vikombe vitatu. Tangu siku hiyo, nikisoma taarifa ya robo mwaka naanza na matumizi ya kila mtazamaji kabla ya idadi ya tiketi.

Mleta mada
Shukrani. Na IMAX?

Nahodha
IMAX haimiliki kumbi nyingi; huuza au hukodisha mitambo na kuchukua sehemu ya mapato, kwa hiyo mzigo wa pango humwelemea mwenye ukumbi. Udhaifu wake ni kutegemea filamu kubwa na soko la China. Migomo ya waandishi na waigizaji ya 2023 ilipoahirisha filamu, IMAX haikuwa na bisi za kujifariji nazo.

Mleta mada
Basi kati ya hizi naiegemea Cinemark, lakini sinunui kabla ya kujua hatifungani zile za 2020 zilipangwa kuiva, yaani kulipwa, lini.

Mkaazi wa Dallas
Zilipangwa kuiva Agosti 2025, kwa riba ya asilimia 4.5.