Mliofanya Mazoezi ya Kiroho ya Mtakatifu Inyasi, tupeane uzoefu

Mleta mada
Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Nafanya Mazoezi ya Kiroho ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, yaani ule mpango wake wa sala na tafakari wenye hatua nne ziitwazo Majuma, nikiwa nyumbani, na kazini naenda kama kawaida. Njia hii Inyasi aliiweka mwenyewe katika Dokezo la 19, moja ya maelekezo ya mwanzoni mwa kitabu chake, kwa wenye shughuli wasioweza kujitenga siku 30. Naamka saa kumi alfajiri watoto wamelala, nakaa saa nzima na Injili, na kila wiki namwona sista anayeniongoza. Kwa mnaotaka kuanza: kitabu chenyewe kimeandikwa zaidi kwa ajili ya anayeongoza mafungo, kwa hiyo kukisoma kurasa kwa kurasa kunachosha. Kinataka kufanywa.

Niko Juma la Pili, hatua ya kutafakari maisha ya Yesu, na sala imekauka kabisa. Maneno nayasoma, moyo kimya. Mliopita hapa mlifanyaje?

Mama Kwaya
Milele amina, mwanangu. Mimi nilifanya mafungo ya siku nane kwa Wayesuiti, shirika la Inyasi, kwenye kituo chao cha Mwangaza, Nairobi, baada ya kufiwa na mume wangu. Kimya kile kilinielemea. Nikamwambia padre kwamba nataka kupunguza muda wa sala, maana nakaa tu naangalia ukuta. Akanisomea Dokezo la 13: ukavu ukija, usipunguze, kaa kidogo kupita saa yako. Nikakaa. Siku ile sikupata kitu.

Kesho yake nikapewa harusi ya Kana. Inyasi anataka uingie mle ndani, uone watu, usikie wanachosema. Nikajikuta kwa watumishi, nachota maji nao kujaza ile mitungi sita, na Mama Maria amesimama karibu yetu. Alikuwa ameshaona kwamba divai imeisha kabla ya mtu kumwambia. Hapo nililia, mwanangu, kilio ambacho msibani sikukipata.

Kijana wa TYCS
Shikamoo mama, na pole sana. Mimi niko TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki. Lakini kuwazia namna hiyo, mtu hawezi kuwa anajitungia tu?

Mkatekista
Swali zuri, kijana. Ndiyo maana kuna kiongozi wa kumweleza yaliyokupata, na ndiyo maana Inyasi aliandika kanuni za kupambanua roho, yaani kutambua wazo lipi linatoka kwa Mungu na lipi halitoki kwake. Yeye mwenyewe aliumizwa mguu na kombora la mzinga vitani kule Pamplona, Hispania, mwaka 1521. Alipokuwa kitandani aliwaza sifa za ushujaa, akafurahi, kisha akabaki mkavu. Aliwaza kuwaiga watakatifu, na furaha ile ikadumu. Angalia wazo linakuachaje likishapita. Na Papa Paulo wa Tatu alikiidhinisha kitabu mwaka 1548, kwa hiyo usihofu.

Mimi kanuni iliyoniokoa ni ya tano: wakati wa ukiwa, yaani moyo ukiwa mkavu na mzito, usibadilishe uamuzi ulioufanya ulipokuwa na utulivu. Palitokea ugomvi kigangoni, nikaandika barua ya kuacha ukatekista. Nikaiweka ndani ya Biblia nisiipeleke, nikaendelea na mafundisho ya komunyo ya kwanza huku moyo ukiniuma. Mpaka leo nafundisha, na ugomvi haujaisha wote.

Kijana wa TYCS
Asante mwalimu. Huku chuoni sina wa kuniongoza. Nafanya ule utafiti wa dhamiri tu, yaani kuipitia siku yangu mbele ya Mungu, usiku kabla ya kulala. Nilichopenda ni kwamba unaanza kwa kumshukuru Mungu, dhambi zinafuata baadaye.

Mama Kwaya
Huo ushike, mwanangu, hauhitaji kituo wala nauli. Ila zile siku 30 usijaribu peke yako. Ongea na padre mlezi wenu.

Na wewe mleta mada, huo ukavu umemweleza sista wako? Mweleze kama ulivyotueleza sisi, bila kuupamba. Kisha alfajiri ya kesho ongeza hata dakika tano.

Mleta mada
Sijamweleza, mama. Namwona Alhamisi, nitamwambia. Wengine karibuni, hasa mliofanya siku zote 30: Juma la Tatu, lile la mateso, mlilivukaje?