Binti yangu anataka shahada ya burudani na matukio. Nimruhusu?

Mkulima wa Kibaigwa

Wakuu, salaam. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), na kafaulu vizuri. Mimi na mama yake tulishamkadiria ualimu au sheria. Juzi tunakula, akasema anataka kusomea usimamizi wa burudani na matukio, eti Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kenya kina idara inayofundisha mambo hayo. Nikamuuliza, yaani niuze mahindi yote ya msimu huu ukajifunze kupuliza maputo? Akanuna. Mpaka leo shikamoo yake naisikilizia kwa mbali.

Mimi kamati za harusi nimeziongoza kila baada ya mavuno na sijasomea popote. Ila nikienda Dodoma mjini naona maturubai kila kona, nahisi kuna kitu sikijui. Walio ndani ya kazi hii, nielezeni: kuna kula hapo?

Boda Msomi

Mzee, AFCON 2027 ni yetu na Kenya na Uganda. Mwache asome, atakutafutia siti jukwaa kuu.

Dada Maturubai

Shikamoo baba. Wengine mbukwenyi, kama tunavyosalimiana Kigogo.

Nakodisha maturubai, viti na meza hapa Dodoma, ghala langu liko Nzuguni. Chuoni nilisomea utalii, kazi hii nimejifunzia juani, kwa hiyo nikimtetea binti si kwamba nauza cheti changu.

Hizo kamati zako usizidharau. Anayeweza kutofautisha ahadi na makusanyo kwenye daftari tayari anajua jambo ambalo vijana wengi wa mapambo hawalijui. Ila harusi ina huruma. Wageni mnawajua kwa kadi, chakula kikichelewa MC anachekesha, kesho mnasameheana. Wateja wangu wakubwa ni wa semina, mikutano ya miradi, mahafali, na wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, mji unafurika. Hao wanataka mkataba, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kama ni taasisi ya serikali, uwe umesajiliwa NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni. Halafu malipo yanakuja yanapotaka kuja. Nimeona wapambaji hodari wakifunga duka huku wanadai mamilioni. Hesabu za kukaa miezi bila kulipwa hazimo kwenye maputo.

Sasa jambo lenyewe, baba. Kazi hii kiini chake ni kujua watu wangapi wanaingia wapi, na watatokaje.

Idi ya mwaka 2008, Tabora, watoto walikufa kwenye disko toto kwa kujazana ukumbini. Februari 2020, Moshi, watu 20 walikufa wakigombania kukanyaga mafuta ya upako. Ile ilikuwa furaha ya sikukuu, hii ilikuwa ibada, na hakuna aliyeondoka nyumbani akidhani anakwenda hatarini. Nikiingia ukumbini leo, mapambo nayaangalia mwisho. Naanza na milango: mingapi, inafungukia nje au ndani, nani anashika funguo.

Mwaka juzi nilikataa kazi. Mteja alitaka watu 300, meza za duara, chini ya maturubai mawili ya mita 10 kwa 10. Turubai la namna hiyo kwa meza za duara linakaa watu 60, wakibanana 70. Akaniambia, "Watajipanga tu." Watajipanga wapi, na sufuria za wali zinapita katikati? Akampata mwingine. Sijui ilikwendaje na sikuuliza.

Na upepo wetu huu wa mwezi wa saba na wa nane! Wapangaji wa kutoka Dar es Salaam wanakuja na vigingi vya kuchomeka kwenye nyasi, wanakuta ardhi kama zege. Mimi nafunga kwenye mapipa yaliyojazwa maji. Hayo chuoni wanayaita usimamizi wa hatari, na ndiyo ningependa binti afundishwe kabla hajapigwa na bomba la turubai kichwani.

Vibali navipitia haraka: mtendaji wa kata, polisi, BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kukiwa na wasanii, na leseni ya hakimiliki kwa muziki. Anayezoea kuviomba mapema hapati presha.

Ile nusu ya burudani ndiyo unayoicheka bila kuijua. Ni viwanja vya watoto, kambi za vijana, michezo ya wazee na ya watu wenye ulemavu, bustani za mji. Ramani ya makao makuu iliyochorwa mwaka 1976 na Wakanada ilijali sana maeneo ya wazi. Zunguka leo mitaa mipya, utafute bembea. Mimi ningekuwa na umri wake ningekwenda huko, maana kwenye maturubai tumeshajaa.

Kabla ya kulipa chochote: shahada ya nje lazima itambuliwe na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, na muulize mafunzo kwa vitendo ni ya muda gani na yanafanyika wapi. Kama ada ya Kenya ni mzigo, Chuo cha Taifa cha Utalii wana stashahada ya usimamizi wa matukio hapa hapa nchini.

Mhasibu Mstaafu

Dada kaeleza vizuri, ila mimi ningempeleka uhasibu kwanza. Matukio atayafanya wikiendi.

Dada Maturubai

Mzee wangu, wikiendi ndiyo turubai linasimama. Simu, bajeti na kubembeleza malipo ni Jumatatu hadi Ijumaa.

Mkulima wa Kibaigwa

Ahsante binti yangu. Mama yake kaniagiza swali moja: kazi za usiku, mtoto wa kike?

Dada Maturubai

Mama ana haki ya kuuliza. Sherehe inaisha saa saba usiku, walevi wapo, na kuna wateja wanaodhani wamekukodi na wewe pamoja na viti. Kwangu gari la kurudisha wafanyakazi naliandika kwenye bei, si fadhila, na maturubai yanabomolewa asubuhi. Mteja akikataa kulipia gari, sichukui kazi. Akienda mafunzo kwa vitendo, hilo la gari aliulize siku ya kwanza kabisa, hata kabla ya posho.

Mkulima wa Kibaigwa

Sawa. Jumapili nina kikao cha kamati, nitamkabidhi daftari la ahadi nimwone.